Gari la Marehemu na Gari Langu

Mume wangu alikuwa mtu wa kukung'uta viatu kabla ya kuingia ndani ya gari. Aliketi ukingoni mwa kiti, miguu ikiwa nje, akagonganisha soli mpaka udongo mwekundu wa Mbooni ukadondoka wote, ndipo akageuka na kuingiza miguu. Sisi wengine tulifanya vivyo hivyo. Niliwahi kumwona mchungaji wetu, mtu mzito na mwenye haraka, akirudishwa nje kwa upole akapanguse viatu kwenye nyasi.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo 404 jeupe. Alilinunua kwa Mzungu mmoja wa kilimo aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao, miaka michache baada ya Uhuru. Mume wangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi karibu na Kikima, nami nilifundisha darasa la pili katika shule hiyohiyo. Hakuwahi kulipeleka Pijo zaidi ya sitini kwa saa, hata penye mteremko ambapo gari lenyewe lilitaka kukimbia. Alisema gari ni kama ng'ombe wa maziwa: ukimkimbiza, anakausha. Alibadilisha oili kabla ya wakati wake. Aliziosha plagi kwa mswaki uliochakaa. Alitamani gari lile lije liwabebe wajukuu wake, na nilipomwambia tuna binti mmoja tu na bado anatambaa, alisema ndiyo sababu hana haraka.

Alinifundisha kuendesha katika uwanja wa mpira wa shule, wanafunzi wakiwa wamefunga. Wanawake waliokuwa wakiendesha gari vilimani kwetu siku hizo sikuwajua. Yeye alitaka tu awepo mtu wa kumfikisha hospitalini siku akishindwa, na siku hiyo ilikuja mapema kuliko tulivyodhani. Tumbo lilimkamata msimu wa kupanda maharagwe. Nilimlaza kiti cha nyuma nikashuka naye mlima kuelekea Machakos, na mara tu tulipofika penye barabara iliyonyooka nikasikia sauti yake nyuma yangu.

"Umepitisha. Punguza."

Nikapunguza. Tulifika tukiwa tumechelewa au tulifika kwa wakati, sijui, madaktari hawakusema. Alifariki kabla ya juma kwisha.

Siku ya mazishi, kaka yake mkubwa alisimama kando ya kaburi kuzungumza kwa niaba ya ukoo. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mwadilifu ambaye sijawahi kumsikia akisema uongo, na sauti yake haikuhitaji kupazwa. Alisema, "Ndugu yangu ameacha mke, mtoto na gari. Vyote vitatu vitatunzwa." Watu wakaitikia amina. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, nimefunikwa kitambaa kichwani, na nilijihisi nimeegeshwa.

Tangu siku hiyo gari likawa langu kwa jina na la ukoo kwa kazi. Mgonjwa alibebwa humo. Bibi harusi alibebwa humo. Maharagwe, kabichi, mabati, na Krismasi ikikaribia, mbuzi. Mimi ndiye niliyekuwa dereva. Shemeji yangu hakunilazimisha kamwe. Alikuja tu hadi mlangoni, akabisha, akasema, "Shemeji, kuna haja," nami nikachukua ufunguo. Na kila mara kabla sijawasha aliinama akachungulia mita ya kilomita. Ilikuwa imeshazunguka na kurudi sufuri, ikazunguka tena. "Bado linaenda," alikuwa akisema, kwa furaha ambayo sikumwona nayo penginepo.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilihamishiwa Kitui mjini. Mbooni yetu wakati huo ilikuwa bado chini ya Machakos, kwa hiyo ilikuwa kama kuhamia kwa watu wengine, ingawa ni Wakamba wenzetu. Niliondoka na Pijo kwa sharti nililopewa bila kuandikwa: kila shule zikifunga nirudi nalo, kwa sababu ukoo ungekuwa na haja.

Kule Kikima hakuna aliyelicheka gari lile. Lilikuwa na heshima yake, watu walilijua mlio. Kitui halikuwa na heshima yoyote. Mlango wa dereva ulikuwa umekataa kufunguka kutoka ndani wala nje, na fundi wa mjini alisema kitasa chake hakipatikani tena. Nilitokea upande wa abiria, nikijiburuta kwenye kiti kile kirefu cha mbele, sketi ikinipanda. Nilifanya hivyo kila asubuhi mbele ya shule nzima iliyosimama gwaride. Jioni, betri ikiwa imelala, mwalimu mkuu aliwaruhusu wanafunzi wa darasa la saba wanisukume, nao wakatunga wimbo wa kusukumia, mzuri sana kwa kweli, wenye sauti ya kwanza na ya pili, kuhusu nyanya anayeamshwa akachote maji. Niliusikia siku moja ukiimbwa sokoni na watu wasionijua.

Mara moja mkaguzi wa shule aliniomba lifti hadi ofisini kwake. Nilikuwa nimerudi kutoka nyumbani juzi yake na nilikuwa nimefagia viti, lakini mbuzi ana namna yake ya kubaki. Mkaguzi alishuka, akanishukuru, akageuka kwenda, na nyuma ya suruali yake ya kijivu nikaona vidonge vitatu au vinne vya mavi ya mbuzi vilivyopondeka. Sikumwita. Nilijua hawezi kujiona, na nilijua ofisini watu watamwona, na nikawasha gari nikaondoka, masikio yakiniwaka moto.

Lakini kilichoniuma zaidi ni binti yangu. Alikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni huko Machakos. Siku ya wazazi nilifika, nikajiburuta, nikatoka upande wa abiria na kikapu changu cha chapati. Alinikumbatia vizuri, akala, akanionyesha bweni lake. Wakati wa kuagana aliniambia kwa sauti ndogo, akiangalia chini, "Mama, muhula ujao uje tu na basi." Hakuwa na ujeuri. Aliomba kama mtu anayeomba maji.

Likizo hiyo nilimwendea shemeji yangu. Alikuwa akipogoa mikahawa yake. Nilimwambia, "Shemeji, gari limechoka. Nafikiri tuliuze wakati bado lina mnunuzi."

Aliendelea kukata matawi kwa muda. "Injini ni nzima?"

"Injini ni nzima."

"Basi kilichochoka ni nini?"

Ningemwambia nini? Kwamba mimi ndiye niliyechoka? Kwamba naona haya? Mbele ya kaka wa marehemu, neno kama hilo halitoki. Nilisema, "Mlango haufunguki."

"Mlango mmoja," alisema. "Iko mingine mitatu." Wala hakusema kwa kejeli. Alikuwa anahesabu neema.

Karibu na nyumba niliyopanga Kitui kulikuwa na duka la vitambaa la mama mmoja Mwislamu, ambaye babu yake alipanda kutoka pwani kufanya biashara akabaki. Tuliingiana kwa sababu ya Kiswahili. Mimi nilikifundisha lakini kilikuwa cha bara, kimejaa Kikamba chini yake. Yeye alikiongea kama mtu anayekunja kanga. Jioni niliketi dukani kwake tukanywa chai yenye tangawizi, naye akanisahihisha bila mimi kuona haya, jambo ambalo si rahisi kwa mwalimu.

Kaka yake mdogo alikuwa amekwenda kufanya kazi Uarabuni akaacha gari nyuma ya duka, chini ya turubai. Siku moja mama yule aliniambia, "Mwalimu, wewe dereva. Mdogo wangu ameniletea salamu kuwa gari lisilale sana, litaharibika. Mimi siwezi hata baiskeli. Nitolee basi, ulizungushe kidogo."

Tukalivuta turubai. Lilikuwa gari dogo la Kijapani, la milango miwili, rangi ya chungwa lililoiva, fupi hata niliposimama kando yake paa lilinifika kifuani. Gia yake ilikuwa kijiti kifupi sakafuni, si kama ile ya Pijo iliyokaa kwenye usukani. Niliketi nikajiona nimekaa chini kabisa, kama mtu aliyekalia kigoda jikoni.

Nilitoka mjini polepole. Nilishika barabara ya lami ya kuelekea Wamunyu nikikusudia kugeuza baada ya muda mfupi. Kiatu changu kilikuwa na kisigino na kilikuwa kikinisumbua, nikakivua. Nilipokanyaga kwa mguu mtupu gari liliruka mbele kana kwamba lilikuwa likinisubiri niseme. Sikugeuza. Ile barabara inashuka kuelekea Mto Athi kwa kona ndefu, moja baada ya nyingine, na kila kona gari lile liliishika kama mkono unavyoshika kikombe. Nilifungua vioo. Nilifika darajani nikiwa nacheka peke yangu kwa sauti, mjane wa umri wangu, mwimbaji wa kwaya, na kitambaa changu cha kichwa kilikuwa kimetoka kikaangukia kiti cha nyuma bila mimi kujua.

Nilisimama ng'ambo ya daraja nikakifunga tena. Niliona haya kama mtu aliyeonwa, ingawa hapakuwa na mtu, ni punda wawili tu waliokuwa wakinywa maji mtoni. Maana nilikuwa nimetambua kitu nilichokuwa nikikijua siku nyingi: ndani ya lile Pijo, kwa miaka yote ile, sikuwahi hata mara moja kufurahi. Nilikuwa nimelinda, nimehudumia, nimebeba. Na nilikuwa nimefikiri kuendesha gari ni hivyo.

Nililizungusha gari la yule kijana kila Jumamosi. Alipoandika kuwa amepata mke huko na harudi karibuni, dada yake aliniuliza kama nalitaka, tukaelewana bila maneno mengi.

"Nyumbani kwenu watalipenda?" aliniuliza siku aliponipa ufunguo.

"Nyumbani hawataliona," nikasema.

Aliniangalia kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, hilo gari ni la rangi ya machungwa. Halifichiki."

Lakini nililificha. Nilikaa nayo yote mawili: dogo nikienda kazini na Jumamosi zangu za Wamunyu, Pijo nikirudi Kikima. Nilijua kupanga. Shule ikifunga, nilisukumwa, injini ikashika, nikapanda Mbooni kwa sitini kama mke mwema. Mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Mwaitu kama Wakamba wanavyomwita mama, alinipokea na mugi wangu wa bati uliobanduka rangi, ule niliokuwa nikinywea chai tangu nilipoolewa. Nililala vizuri. Aibu niliyokuwa nayo wakati huo ilikuwa ya kubebeka. Niliipakia asubuhi na kuipakua jioni.

Mwezi wa nane mwaka uliofuata kulikuwa na mkutano mkubwa wa akina mama wa kanisa letu huko Kitui. Nilijua tarehe yake vibaya. Nilifikiri wanakuja Jumapili, kumbe walikuja Jumamosi.

Niliwakuta kwenye mlima baada ya Wamunyu, mimi nikirejea kutoka matembezi yangu. Mbele yangu kulikuwa na lori lililojaa wanawake waliovaa vitambaa vyeupe, wakiimba. Sikuwatambua kwa mgongo. Nilibadilisha gia, nikatoka upande, nikapiga honi ya furaha na kuanza kulipita. Wanawake wale walifurahi kuona gari la rangi ile. Walipunga mikono kwa shangwe. Nami nikainua uso kuwapungia, nikiwa bila kitambaa, vioo viko chini, mdomo wazi kwa wimbo wa dansi niliokuwa nikiuimba.

Niliona wakinitambua. Haikutokea kwa pamoja. Mkono mmoja ulishuka, kisha mwingine karibu yake, kisha ikawa kama upepo umepita katika mahindi. Nikawa sambamba na kichwa cha lori, na pale mbele, kando ya dereva, alikuwa ameketi Mwaitu na kiondo chake magotini. Tuliangaliana. Kisha akageuza uso taratibu akatazama barabara mbele yake, kama mtu aliyemkuta mwenziwe akioga.

Mguu wangu ulikuwa bado chini. Niliwapita, na lile gari likanibeba mbele haraka kuliko nilivyotaka kwenda.

Nilihudhuria mkutano. Nilikaa nao, nikapika nao, nikaimba nao. Hakuna aliyesema neno. Krismasi nilipopanda nyumbani na Pijo, hakuna aliyesema neno. Nilikaa jikoni kwa Mwaitu nikimsaidia kuchagua maharagwe, naye akamimina chai. Hakuchukua mugi wangu wa bati. Alifungua kabati akatoa kikombe cha maua chenye sahani yake, kile cha wageni, akanipa kwa mikono miwili.

"Karibu chai," alisema.

Niliinywa. Sijawahi kunywa kitu kigumu kama kile.

Baada ya sikukuu shemeji yangu alikuja mlangoni, akabisha. Alisema, "Shemeji, tumeonelea gari la marehemu libaki hapa sasa. Naona huko una la kukutosha." Alisema kwa adabu kabisa. Alikuwa amejifunza kuendesha uzeeni, kwa ajili hiyo tu nadhani. Nilimpa ufunguo, naye akaupokea akautia mfuko wa shati, upande wa moyo, akafunga kifungo.

Nilirudi Kitui kwa basi.

Miaka kadhaa ilipita hivyo. Nilienda nyumbani mara chache, kwa basi na kwa miguu, na gari langu nililiacha mjini. Kisha, mvua za mwezi wa nne, Mwaitu aliteleza akitoka kuteka maji akavunjika nyonga. Alilazwa Machakos muda mrefu, akapasuliwa, akaanza kutembea na gongo. Nilimtembelea kila mwisho wa juma kwa gari langu dogo, na sikulificha tena, ila niliegesha mbali na dirisha la wodi.

Ijumaa moja nilimkuta ameketi kitandani amevaa nguo zake. Daktari alikuwa amemruhusu siku moja kabla ya ile tuliyotarajia. Shemeji yangu alikuwa aje na Pijo Jumamosi. Nilikwenda posta nikapiga simu kwenye duka la Kikima, wakamwita.

"Ameruhusiwa leo," nikamwambia. "Nitamleta mimi."

Nikasikia watu wakinunua sukari nyuma yake. "Shemeji, mngoje hadi kesho. Huku mawingu yameshuka. Na hilo gari lako ni la lami."

"Barabara hiyo naijua."

"Unaijua na Pijo," alisema.

Hapo ndipo ningepaswa kusikia. Lakini kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba kile kikombe cha maua kifuani, na niliona nafasi imekuja. Nilitaka wanione nikiingia boma na mama yao kiti cha mbele, wajue kwamba gari langu nalo linaweza kubeba haja. Nilisema tutafika saa tisa.

Wauguzi walimweka Mwaitu kiti cha mbele, nikakilaza nyuma kidogo. Alikuwa mwanamke mrefu. Magoti yake yalipanda juu karibu na kifua. Hakulalamika. Tukiwa kwenye lami aliangalia miti ikipita, na karibu na Masii alisema, "Linakwenda kama maji," na moyo wangu ukapanda. Niliendesha kwa sitini. Naapa niliendesha kwa sitini.

Mvua ilitukuta Tawa, chini ya milima. Watu wa pale waliokuwa wamejikinga kwenye vibaraza walituangalia tukipita bila kusimama. Nilipanda kona ya kwanza, nikapanda ya pili. Kwenye ya tatu magurudumu ya nyuma yalianza kuimba. Gari lilikwenda upande, polepole sana, bila kelele, likakaa kwenye mtaro na bampa limezama udongoni. Nilijaribu kutoka. Kila nilipokanyaga lilizama zaidi, na udongo mwekundu ulipaka vioo mpaka tukawa hatuoni nje. Nyonga ya Mwaitu ilikuwa upande wa chini. Aliuma kitambaa chake, asipige kelele.

Nilishuka nikavua viatu nikasukuma mwenyewe, jambo la kipumbavu. Ndipo nikausikia ule mlio. Shemeji yangu, alipoweka simu chini, alikuwa amewachukua wanaume watatu wa kanisa akaanza kuteremka kutupokea. Pijo lilikuja kwenye kona ile kwa gia ya kwanza, taratibu, halina wasiwasi, kama mtu anayekwenda shambani kwake.

Hakunilaumu. Aliangalia gari langu, akaangalia mama yake kupitia mlangoni, akasema, "Tumtoe."

Na hapo ndipo palipo pagumu kusimulia. Kumtoa mtu aliyevunjika nyonga kutoka Pijo ni rahisi; kiti kiko juu, anageuka, anasimama. Kumtoa kutoka lile gari langu, lililolala ubavu, chini vile, ilibidi wamshike makwapani na mapajani wamvute juu, wanaume wanne, mmoja wao mwanawe wa kuzaa, kwenye mvua. Leso yake ilifunguka. Ilinasa kwenye kile kijiti cha gia ikabaki ndani, naye alikuwa tayari mikononi mwao. Shemeji yangu aligeuza uso akafumba macho, na wale wengine wakafumba macho, wakasimama hivyo wote wanne, vipofu, wamemshika mama yao mzee asiye na nguo ya chini, hawathubutu kupiga hatua wasije wakaanguka, hawathubutu kufumbua.

"Nifunikeni," Mwaitu alisema.

Nilivua sweta yangu. Haikutosha. Nikaingia ndani ya gari kwa magoti nikaichomoa leso, imelowa, imepakaa oili, nikamfunga nayo kiunoni. Kwa Kikamba neno la kuona haya ni nthoni, na mkwe tunamwita muthoni. Ni shina moja. Nilikuwa nimelifundisha jambo hilo darasani mara nyingi, kama kitu cha kupendeza cha lugha.

Ndani ya Pijo nilikaa kiti cha nyuma, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Mvua ilipiga paa. Tulipanda bila kuteleza. Niliogopa kumtazama, lakini yeye alikuwa akinitazama.

"Mwanangu," alisema, "lile gari lako ni zuri."

Nilimvutia leso ifunike magoti.

"Lakini ni la mtu mmoja."

Hakusema kwa hasira, na alinipapasa goti. Ningependa angekuwa na hasira.

Nyumbani kanisa lilikuwa limekusanyika, sufuria za muthokoi na mchuzi zimejaa, watu wamekaa wakisubiri toka saa tisa. Shemeji yangu aliomba sala ya shukrani. Alimshukuru Mungu kwa madaktari, kwa mvua, kwa mama yake kurudi hai, na kwa gari la ndugu yake, "ambalo mpaka leo hii, Bwana, halijatuaibisha." Sidhani alinikusudia. Yeye hakuwa mtu wa mafumbo katika sala. Lakini nilikuwa nimesimama nyuma karibu na mlango, soksi zangu zimejaa udongo, na wanawake wawili mbele yangu walikaza macho yao kabisa wasigeuke, nami nikawaona wakiyakaza.

Asubuhi yake wanaume walilivuta gari langu kwa kamba mpaka penye ardhi ngumu. Nilimuaga Mwaitu akiwa bado kitandani. Niliteremka polepole, nikafika Tawa, nikafika Masii kwenye lami. Nilijiambia nikifika Kitui nitaliuza. Nilijiambia nimekuwa mtu mzima sasa, nitanunua pikapu, kitu cha kubebea watu na magunia. Jua lilikuwa limetoka, barabara imeoshwa, na udongo uliokauka ulikuwa ukibanduka kwenye mabati ya gari na kuruka nyuma vipande vipande. Baada ya Wamunyu barabara inaanza kuteremka kuelekea Athi. Niliuona mguu wangu ukikanyaga. Nilikuwa bado naona haya, haya kali, na mguu haukuinuka, na kona ya kwanza ikaja na gari likaishika.

Sikuliuza. Nililiendesha mpaka miaka ya tisini, mpaka nilipostaafu. Shemeji yangu naye aliendelea na Pijo, akalitengenezea mlango kwa bawaba za lango la ng'ombe, na Mwaitu alibebwa humo kwenda kanisani kila Jumapili hadi alipofariki.

Nilipokuwa nikienda nyumbani kuwaona niliacha gari langu Tawa, kwenye uwanja wa mwenye kinu cha kusaga unga, kisha nikapanda mlima nyuma ya pikapu za kabichi pamoja na akina mama wa soko. Nilifika nikiwa na majani kwenye sketi. Shemeji yangu alitoka kunipokea, akachukua kikapu changu.

"Gari umeliacha wapi, shemeji?" aliniuliza kila mara.

"Tawa."

"Vizuri," alijibu, nami nikapita jikoni kusalimia.